Njaa Isiyobisha Hodi

Watu wengi hufikiri ya kuwa kula hakuhitaji mafundisho: njaa ikija, mtu atakula. Lakini sisi vijana wa Fataki, tuliopanga vyumba Bunia kwa ajili ya masomo na kazi, tumejifunza ya kwamba njaa si mjumbe mwaminifu kwa watu wote.

Kule nyumbani, katika vilima vya baridi vya Djugu, hatukuhitaji kuisikiliza. Kengele ya misheni ililia saa sita kwa sala ya Malaika wa Bwana, na mama akajua ya kuwa maharagi yapaswa kuwa tayari. Jioni ng'ombe walikamwa, viazi vikamenywa, na mtoto aliyechelewa aliitwa kwa jina lake mpaka aitike. Basi, tulikula kwa sababu tuliitwa. Hapa mjini chumba ni kimoja, mtu ni mmoja, wala hakuna anayeita.

Tena wako miongoni mwetu ambao tumbo lao halisemi neno. Mwenzetu mmoja hushinda na madaftari yake toka asubuhi hata usiku, asione njaa hata kidogo. Dalili zake ni nyingine: mikono hutetemeka, kichwa huuma, hukasirika bure, husoma mstari ule ule mara tatu bila kuuelewa. Watu humwita mkali, kumbe ni mwili unaodai chakula kwa lugha yake.

Sababu ni nyingi. Wengine wamezaliwa hivyo. Wengine huondolewa hamu na homa, na usingizi mdogo, au na hofu. Nasi hofu twaijua: wazazi wetu walikimbia vita mwaka 2003, na wengi wetu tukakimbia tena mwaka 2018 na 2019. Mwenye huzuni hakumbuki sahani. Hata nabii Eliya, alipokimbia jangwani, alilala chini ya mti akiomba kufa; malaika akamgusa mara mbili, akimwambia ale. Hakuachwa angoje njaa imwamshe.

Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua kichocheo kiitwacho ghrelini, kitokacho hasa tumboni na kuuambia ubongo utake chakula. Imeonekana pia ya kuwa hupanda karibu na saa ambazo mtu amezoea kula. Ndiyo kusema, saa maalum huusaidia mwili kukumbuka. Na mwili usipokumbuka, saa yenyewe itakumbuka badala yake.

Kwa hiyo tumejiwekea desturi. Kwanza, twala kwa saa, si kwa hamu: asubuhi, mchana na jioni, na simu hulia badala ya kengele. Pili, chakula kisichohitaji moto kiwe karibu, kama ndizi mbivu, karanga au mkate. Maana mtu aliyechoka hatawasha makala. Tatu, jioni twachanga fedha, twapika bugali na maharagi kwa zamu, na kula pamoja. Asiyefika hugongewa mlango. Nne, hamu ikikosekana, vijiko vichache vyatosha kuanza.

Lakini tusichanganye mambo. Yuko asiyekula kwa sababu mfuko ni mtupu, naye kwa haya husema, "Sisikii njaa." Huyo asipewe shauri la saa, apewe sahani. Na anayezidi kukonda, au kutapika, au kukiogopa chakula chenyewe, apelekwe kituo cha afya mapema.

Nanyi wazazi mlio mbali, mkitupigia simu mwauliza habari za masomo na kodi ya nyumba. Ulizeni na hili: "Leo umekula nini, na saa ngapi?" Si swali la kitoto. Kwa wengine wetu, ndilo sauti pekee inayotuita mezani.