Ua wa Kumba, Pipa la Mwanzi

Nyua za Kiwayu, kisiwa chetu huko Lamu, hazikujengwa kumzuia mwizi. Mbuzi mwenye njaa aliweza kuupasua ua wa kumba kwa pembe, sembuse mtu mwenye nia mbaya. Kazi ya ua ilikuwa stara: mama apike, aanike nguo, asukwe nywele, asionekane na wapita njia, na mpita njia naye apite zake bila kulazimika kugeuza uso kila hatua.

Kuti la kumba si lile la kuezekea. La kuezekea hufanywa kwa majani yaliyokunjwa juu ya ufito na kushonwa. Kumba huachiwa uti wake. Kuti zima hupasuliwa katikati, kisha majani ya kila upande husukwa kwa mkono yakiwa bado na unyevu. Nguzo zilikuwa mazio ya mkoko, za kulaza zilikuwa fito za mkandaa, na kamba ya kumbi ilifunga yote. Minazi yetu haikuwa mingi, kwa hivyo kuti halikutupwa ovyo. Mvua za misimu miwili zilitosha kuliozesha, na kabla ya Ramadhani wanaume walikata fito huku kina mama wakikaa kivulini kusuka. Ua wa mjane ulisukwa pamoja na wa wengine wote, tena mara nyingi ndio ulioanza.

Sifa kubwa ya kumba, ambayo sikuithamini mpaka ilipotoweka, ni kwamba aliye ndani humwona aliye nje bila yeye kuonekana. Mianya ilikuwa midogo, macho yaliyozoea yakatosheka nayo. Bibi yangu alijua nani amerudi kutoka baharini na amebeba nini kabla hodi haijapigwa. Na baina ya nyumba na nyumba, upande wa jikoni, iliachwa nafasi ya kupitisha sahani. Mkate wa mofa ulikwenda, mchuzi wa kamba ukarudi. Kina mama walizunguka nusu ya kijiji kwa kupitia nyua za nyuma, bila hata mmoja wao kukanyaga njia kuu.

Kisha mambo yakaja moja baada ya jingine. Mwaka 2009 moto uliteketeza mamia ya nyumba kule Faza, kisiwani Pate, na kila aliyekuwa na paa la makuti akalitazama lake kwa jicho jipya. Mabati yakaingia. Siwezi kuyalaani: nyumba ikawa kama tanuri mchana, lakini paa la bati huvuna maji ya mvua, na hilo kuti haliliwezi. Halafu Februari 2018 serikali ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma nchini kote, mikoko ikiwemo. Lamu ndiyo yenye zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na watu wengi wakalala njaa kwa amri ile. Masharti yalilegezwa baadaye, ila desturi ya kwenda kukata fito za ua bila kumuuliza mtu haikurudi. Ua ukawa wa mabati chakavu, au wa nyavu kuukuu, au haukuwepo kabisa.

Kabla ya amri hiyo, ng'ambo yetu, bara, palikuwa na kambi ya watalii iliyojulikana kwa mabanda yake ya mikeka na makuti, yasiyo na mlango wa kufunga kwa kufuli. Wageni walilipa fedha nyingi ili walale katika stara ile ile ya bibi zetu, na vijana wa Kiwayu wakapata kazi ya boti, ya jikoni, ya kusuka. Usiku wa Septemba 11, 2011 watu wenye silaha waliingia humo, wakamuua mume Muingereza na kumteka mkewe, ambaye aliachiliwa Somalia Machi mwaka uliofuata. Kufikia Oktoba ya 2011 hiyo hiyo jeshi la Kenya lilikuwa tayari limevuka mpaka kuingia Somalia. Kambi ikafungwa. Tangu hapo watu kwetu walianza kuutazama ua kwa swali ambalo halikuwa lake: je, utamzuia nani?

Mwanzi ulikuja wakati huo wa kutafuta ua mwingine. Niliuona kwanza kwenye nyumba za wageni juu ya vilima vya mchanga, umepangwa kwenye mapipa mbele ya vyumba ili mtu aoge nje bila kuonekana. Ulipendeza, nakiri. Baadaye ukateremka kijijini. Si mwanzi wa asili wa Kenya, ule wa baridi unaomea Aberdare, Mlima Kenya na Mau, mita 2,400 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Huu ni wa manjano wenye michirizi ya kijani, asili yake Asia, unaouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara Mombasa. Hujikusanya shinani, hautambai chini kwa chini ukazuka uani kwa jirani, na ndiyo maana hufaa pipani.

Wanaoupanda hulikata kati pipa la plastiki la lita 200, wakalitoboa chini, wakatia kokoto, kisha udongo kutoka bara uliochanganywa na samadi ya punda, maana mchanga wetu haushiki maji. Chipukizi hutoka ardhini na unene wake wa mwisho. Halinenepi tena, hurefuka tu, na ndani ya msimu mmoja limefika kimo chake. Pipani kimo hicho ni kifupi kuliko shambani, lakini chatosha kuficha kamba ya nguo. Msimu wa kwanza wa mvua ni wa kujivunia. Kisha huja kaskazi, na chumvi huunguza ncha za majani yakawa kama yamepitiwa na moto. Baada ya miaka michache mizizi hujaza pipa mpaka maji yanapita pembeni bila kuingia. Hapo shina hutolewa, likakatwa kwa msumeno na kugawanywa. Wengi hawalijui hilo, wakadhani mmea umerogwa.

Hasara yake kwetu ni maji. Kiwayu haina mto. Tunakunywa mvua iliyokusanywa kwenye majabia, yale matangi ya saruji yenye uwanja mpana wa kuteremshia maji, na visima vingi vina chumvi. Pipa moja la mwanzi wakati wa jua hutaka walau lita 10 kwa siku. Mapipa kumi, ambayo ni ua mfupi tu, ni lita 100. Wanaohudumia wakimbizi duniani huhesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kiwango cha chini kabisa. Kwa hivyo ua huo hunywa karibu sawa na watu saba, na hauchoti hata ndoo moja. Kumba haikunywa kitu.

Tena mwanzi ni mzito wa majani. Aliye ndani haoni nje, na mapipa yaliyobanana hayaachi pa kupitisha sahani. Jirani yetu siku hizi huzunguka hadi mlango wa mbele, avae buibui, apige hodi, kwa ajili ya bakuli la mchuzi. Mara nyingi haji. Mama yangu huusifu mwanzi mbele ya wageni kwa kivuli chake, kisha huniuliza kwa siri kama najua mtu bado anayesuka kumba.

Wapo, wachache, na ni watu wazima. Mwenye kutaka na ajifunze kwao kazi hiyo kabla hawajaondoka. Anayetaka mwanzi sitamkataza: aupange upande usiopigwa na upepo wa bahari, aache uwazi wa dhiraa moja upande wa jikoni, na aunyweshe maji ya paa lake au yaliyooshea mchele. Ya jabia ni ya kunywa watu, na mvua za vuli huku kwetu ni za kubahatisha.