Maji ya Bamvua

Zamani kidogo mimi na mke wangu na watoto wetu tulikaa Bagamoyo tangu Ijumaa hata Jumapili, katika nyumba ya wageni iliyo pwani. Mwezi ulikuwa mpevu. Jumamosi saa nne asubuhi maji yalikuwa yamekupwa sana, nasi tukaenda mbali kuokota makombe. Mvuvi mmoja mzee akatuita, "Bwana, rudini mapema! Leo ni bamvua." Nikamdharau, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Kumbe maji yalikuwa yakijaa nyuma yetu katika mkondo. Nikambeba mtoto mdogo begani, maji yakanifika kifuani, hata mzee yule akatuokoa kwa ngalawa yake. Watoto, asiyejua kusoma kitabu huenda akajua kusoma bahari. Msikilizeni.