Kutoka Isiolo hadi Loiyangalani: Vifaa vya Kambi na Mtikisiko wa Njia

Uimara wa vifaa vya kambi, yaani hema, majiko, magodoro na vyombo vya maji ambavyo msafiri hubeba ili aweze kulala na kula mahali pasipo na nyumba ya wageni, huelezwa na wauzaji kwa vipimo vya matumizi: hema husifiwa kwa kimo cha maji, kwa milimita, ambacho kitambaa chake huhimili kabla ya kuanza kuvuja, na jiko husifiwa kwa wepesi wa kuchemsha lita moja ya maji. Vipimo hivyo si vya uongo, ila vinachukulia kwamba kifaa huharibika kinapotumiwa. Safari ya gari kutoka Isiolo hadi Loiyangalani, kwenye ufuo wa kusini-mashariki wa Ziwa Turkana nchini Kenya, iliwaonyesha mwandishi na wenzake jambo tofauti, kwa kuwa sehemu kubwa ya uharibifu ilitokea vifaa vikiwa vimefungwa nyuma ya gari au juu ya keria, kabla hata havijafanya kazi vilivyonunuliwa kuifanya.

Hadi Marsabit hakuna kilichovunjika. Barabara ya Isiolo kwenda Moyale, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ya changarawe na iliogopwa na madereva wa malori, sasa ni ya lami, na gari hupita Laisamis na Logologo bila shida likipanda kuelekea mlima wenye msitu na ukungu.

Mambo hubadilika lami inapoachwa na njia ikishuka kuelekea Maikona na Kalacha. Uso wa changarawe kavu hujikunja kuwa mawimbi madogo yanayokatiza barabara kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu gurudumu linalokwenda kasi hurukaruka kidogo, na kila linapotua husukuma changarawe, hivyo gari linalofuata hukuza wimbi lililoachwa na lililotangulia. Madereva wazoefu hupunguza upepo wa matairi ili mpira umeze sehemu ya mtikisiko, lakini mzigo uliomo ndani hauna springi wala shokapu zake wenyewe. Sufuria mbili za alumini zilizopachikwa moja ndani ya nyingine zilisagana mpaka unga wa kijivu ukajaa mfuko na kuingia kwenye mchele, na jiko la gesi lilikutwa limelegea nati zake zote ingawa hapakuwa na spana iliyoligusa. Dumu jipya la maji, lililobanwa barabara upande mmoja, lilitoboka upande wa pili pale lilipogusana na kichwa cha bolti, likabaki na tundu dogo lenye kingo laini, ambayo ndiyo alama ya kitu kilichosuguliwa kwa muda mrefu na si kilichochomwa mara moja. Madumu ya manjano ya mafuta ya kupikia, ambayo familia za kaskazini huyafunga juu ya punda na ngamia kwa ajili ya kubebea maji, yalifika yakiwa mazima, pengine kwa sababu hakuna aliyeyabuni yawe mepesi.

Jangwa la Chalbi, ambalo ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, hukwamisha magari mvua inaponyesha, ilhali wakati wa kiangazi huwa tambarare laini kuliko barabara yenyewe. Hatari yake kwa vifaa ni vumbi laini lenye chumvi. Vumbi hilo huingia katika zipu za hema na kukila kitelezi, yaani kile kipande kinachovutwa ili kuunganisha meno ya pande mbili. Kinywa cha kitelezi hutanuka kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, na meno, yakiwa hayana dosari yoyote, huachana nyuma yake mara tu mlango unapofungwa. Kukibana kitelezi kidogo kwa koleo, pande zote mbili kwa zamu, hurudisha kazi yake kwa muda, lakini anayebana kwa pupa hukivunja.

Kalacha ni nchi ya Wagabra, wafugaji wa ngamia ambao, kama majirani zao Warendile, huhama na nyumba zao. Fito zilizopindwa, ambazo kambini ndizo kiunzi cha nyumba, safarini hufungwa kwenye mgongo wa ngamia na kuwa sehemu ya tandiko linaloshikilia mzigo, huku mikeka iliyofunika nyumba ikisafiri pamoja nazo. Kwa maneno mengine, safari imo ndani ya ubunifu wa kifaa chenyewe, jambo ambalo ni vigumu kuliona katika hema la dukani, ambalo mfuko wake huelekea kuwa kitu kilichofikiriwa mwisho.

Loiyangalani, hata hivyo, inailazimisha hoja hii ikubali mpaka wake, kwa sababu hapo upepo hauhitaji msaada wa barabara. Hewa inayotoka upande wa Bahari ya Hindi hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Afrika Mashariki, ikaongeza kasi, na kwa kawaida huvuma kwa nguvu zaidi usiku na alfajiri kuliko alasiri. Si ajabu kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilisimamishwa karibu na hapo. Mahema yalisimamishwa alasiri, katika utulivu wa kupotosha, na kwa kuwa vigingi havikuingia kwenye ardhi ya mawe ya volkano, kamba zilifungwa kwenye mawe makubwa. Kufikia alfajiri fito moja ya nyuzi za kioo ilikuwa imepasuka kwa urefu kwenye kiungio, na kamba mbili zilikuwa zimekatika, si kwa kuvutwa bali kwa kusuguliwa na makali ya jiwe. Mzee mmoja wa Kiturkana aliyetazama kazi hiyo alionyesha nyumba za kuba za makuti ya mkoma, fupi na mviringo, akasema, "Ninyi mmejenga ukuta, vijana. Upepo unatafuta ukuta." Usiku uliofuata hema lilishushwa nusu na kugeuziwa upepo upande wake mwembamba, kamba zikavishwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, na hakuna kilichokatika.

Viatu havihitaji maelezo marefu: joto la njia lililegeza gundi ya buti mbili za mlimani, na wenye buti hizo wakanunua akala, kandambili zinazokatwa kwenye tairi kuukuu, ambazo hazina gundi ya kuyeyuka.

Kwa safari ya kurudi kupitia Laisamis, mzigo ulipangwa upya, sufuria zikatenganishwa kwa vipande vya leso, nati za jiko zikafungwa waya, na kila kilichogusa chuma kikalazwa juu ya gunia. Dumu lililotoboka lilizibwa na fundi wa baiskeli wa Loiyangalani kwa plastiki aliyoiyeyusha kwa kisu cha moto, na ingawa wenzake mwandishi walilitilia shaka, ndilo lililobeba maji ya kunywa hadi Isiolo.