Kabla ya Kupekua Mkoba Wangu

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini siku hizi, msomaji mpendwa, wataalamu wameunda chombo cha kukulaza kwenye kitanda cha mwenzako bila wewe kuondoka kitini! Elimu hiyo huitwa uhalisia pepe. Unavaa miwani mikubwa inayoziba macho yote, mfano wa kinyago cha fundi wa kuchomelea vyuma, na papo hapo unajiona uko mahali pengine. Ukiinama kujitazama, unaona mwili usio wako.

Nina sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa na kwetu ni Mathare. Sare yangu ni sawa na ya wenzangu wa mitaa mingine, na mtihani tunaofanya ni mmoja. Lakini kikokotoo kikipotea darasani, mikoba ya sisi wa Mathare ndiyo hupekuliwa kwanza. Hakuna anayetutukana, la. Ati ni kuhakikisha tu! Basi niliposoma kwamba kuna miwani ya kupunguza ubaguzi, nilisoma hadi mwisho.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona huko Uhispania walieleza jaribio lao. Wanawake wa Kizungu walivaa miwani hiyo, wakajitazama kwenye kioo na kujiona wana ngozi nyeusi. Waliposogea, mwili ule nao ulisogea. Walipopimwa baadaye, ule ubaguzi wa ndani ambao mtu hata hajui kuwa anao ulikuwa umepungua. Tena mwaka wa 2018, wenzao wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapitisha watu katika maisha ya mtu aliyepoteza kazi, akafukuzwa nyumbani na kulala ndani ya basi. Waliovaa miwani walikuwa wepesi zaidi kutia sahihi ombi la kuwasaidia wasio na makao kuliko waliosoma kisa hicho tu.

Hata hivyo, tusipige vigelegele mapema. Huko huko Stanford, mwaka wa 2009, watu walipewa mwili mweusi kisha wakaingizwa katika mahojiano ya kazi. Loo! Ubaguzi wao wa ndani ulizidi badala ya kupungua.

Kwa maoni yangu, kuvaa ngozi ya mtu hakutoshi. Kuna kile utakachokikuta ukiwa ndani yake, na kuna yule anayekuchagulia. Akija mtu kuiweka Mathare yetu katika miwani, ataweka nini? Mitaro michafu na vijana wa pembeni? Mtazamaji atatoka na hofu ile ile aliyoingia nayo, au atatuhurumia tu. Nani atamwonyesha mama akikanda unga wa mandazi alfajiri, au jirani anayetuachia taa yake tumalize kusoma? Sisi wenyewe tukiulizwa, tutasema.

Isitoshe, miwani huvuliwa. Mgeni atakaa Mathare dakika kumi, kisha ataiweka mezani na kwenda zake. Mimi nitabaki na anwani yangu.

Shule yetu haina chombo hicho, na sioni kama tutakipata karibuni. Tunayo madawati lakini. Ninayeketi naye anatoka mtaa wa mbali, na kwa miaka mitatu tumegawana rula, kamusi na chapati. Yeye hajawahi kuniangalia kwa jicho la wasiwasi kitu kinapopotea. Hakuhitaji miwani; alihitaji muda tu.

Kwa hiyo, wenzangu na walimu wetu wapendwa, ombi langu ni dogo na halina gharama. Siku nyingine kikokotoo kikipotea, ipekuliwe mikoba yote, ukiwemo wa mwenye kikokotoo, au usipekuliwe hata mmoja. Hapo ndipo nitakapojua kuwa tunaonana.