Risasi Nne Mezani, South Dakota

Mwanangu ana miaka 13, na tangu tuhamie Rapid City amealikwa mambo mawili: kucheza besiboli na kwenda kuwinda mbwa wa mbugani. La besiboli nilikubali siku hiyohiyo. La pili nilikaa nalo miezi minne. Mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa dharura. Majeraha ya risasi nimeyaona, nyumbani Tanzania mara chache, huku mara nyingi, na sikutaka mwanangu aizoee bunduki kama anavyoizoea simu.

Mwishowe nikamwambia, "Nitatangulia mimi. Nikirudi nitakupa jibu."

Babu wa rafiki yake ana ng'ombe upande wa kusini wa mji wa Wall. Unafuata barabara kuu kuelekea mashariki, ukipita mabango ya lile duka linalojivunia maji ya barafu ya bure, halafu unaacha lami. Baada ya hapo ni nyasi na anga tu, na kwa mbali vilima vya Badlands, vyeupe na vyenye mistari kama kanga iliyofuliwa sana. Upepo hauna pa kujifichia. Mtu aliyekulia Lushoto, ambako kila upande kuna mlima wa kukukinga, hujiona kama amesahau kuvaa nguo.

Hawa wanyama si mbwa. Ni jamii ya kindi, wanaishi mashimoni kwa mamia, na sauti yao ya kuonyana ndiyo iliyowapa jina la mbwa. Mfugaji anawachukia kwa sababu wanakula majani ya ng'ombe wake. Lakini mashimo yao ndiyo nyumba ya bundi wadogo, na kicheche mwenye miguu myeusi, mnyama aliyekaribia kutoweka duniani, chakula chake ni hao hao. Kicheche huyo alirudishwa kwenye bonde la Conata, jirani tu, miaka ya 1990, na huko kuwapiga mbwa wa mbugani kumekatazwa. Kwa mzee tulikuwa kwenye ardhi yake mwenyewe.

Alipanga risasi nne kwenye meza ya jikoni kama ninavyopanga dawa kwenye trei. "Ungekuwa wewe, ungempa kijana ipi?"

Nikaonyesha iliyo fupi kuliko zote, ile ya .22 ya kawaida. Mama gani angechagua kubwa?

Akatikisa kichwa. Kichwa cha risasi ile ni kipande cha madini ya risasi cha gramu 2.6, kinachotoka kwa mwendo wa mita 370 hivi kwa sekunde. Kwa bunduki huo ni mwendo mdogo. Kikigonga ardhi ngumu ya kiangazi mara nyingi hakivunjiki, kinaruka na kuendelea na safari. Boksi lenyewe lina onyo kwamba kinaweza kufika zaidi ya maili moja. Nyuma ya mashimo yake kuna ng'ombe, na nyuma ya ng'ombe kuna barabara ya basi la shule.

Ya pili ni .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002. Kichwa chake ni gramu 1.1 tu, chembamba, chenye ncha ya plastiki, na kinakwenda karibu mita 780 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, na kwa wepesi huo, kikigusa udongo husambaratika, na si rahisi kiruke. Ubaya wake ni upepo. Ukivuka mita 150 hivi, upepo wa Dakota unakisukuma pembeni, na mnyama anajeruhiwa badala ya kufa.

Ya tatu, .223, ina kichwa cha gramu 3.6 na inakaribia mita 1,000 kwa sekunde. Inafika mita 250 bila kuyumba sana. Niliigeuza mkononi nikaijua: ni ndugu wa risasi ya bunduki za jeshi. Kazi yake mwilini naijua pia. Nikairudisha mezani. Ya nne, .22-250, ni ya kasi zaidi na hupasha mtutu moto haraka, hatukuijadili.

Nikauliza kuhusu madini yenyewe, kwa sababu tai na vipanga hula mizoga, na vipande vya risasi huwapa sumu. Mzee akasema siku hizi hununua za shaba. Nilipomsimulia mume wangu kwa Kiswahili nilijikuta nasema "risasi isiyo na risasi", tukacheka hadi jirani akagonga ukuta.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mzee hakulitarajia kutoka kwangu: tauni. Mimi ni mtoto wa Lushoto wa miaka ya 1990. Neno viroboto lilitosha kutunyamazisha darasani. Tauni ilifika Conata mwaka 2008 na kuua mbwa wa mbugani wengi pamoja na vicheche, hadi leo mashimo hunyunyiziwa dawa ya viroboto. Kwa hiyo sharti langu la kwanza halikuhusu bunduki: hakuna kugusa mzoga, suruali ndani ya soksi, na homa yoyote ndani ya wiki moja naambiwa.

Sharti la pili: .17, asubuhi kabla ya upepo, mita 100, na mzee alale kando yake.

Wanafunzi mnaosoma haya, msiige haraka. Sisi tuna kadi ya kijani. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye visa ya muda kwa kawaida haruhusiwi kuwa na bunduki wala risasi, labda awe na leseni halali ya uwindaji au aangukie kundi jingine linaloruhusiwa. Hata kupokea bunduki ya rafiki ili upige picha kunaweza kukuharibia makaratasi.

Tulirudi na mwanangu Jumamosi ya mwisho ya Juni. Alipiga mara tatu, akakosa mbili. Ile ya tatu alipopata hakushangilia, aliniangalia. Saa mbili na nusu nyasi zikaanza kulala upande mmoja. Mzee akatoa risasi chemba, akasema imetosha.

Garini akauliza kama siku nyingine, upepo ukiwepo, anaweza kujaribu .223.

"Kamuulize baba yako," nikamwambia, nikamkagua soksi.