Hesabu ya Kuruka kwa Gari

Niliingia katika kazi ya barabara mjini Kisumu mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya kupitishwa sheria ya ushuru wa matengenezo ya barabara, ushuru ambao kila anunuaye petroli au dizeli huutoa hata kama gari lake halijapata kuonja lami. Na kwa ujana wangu nilidhani kwamba fedha hiyo ikipatikana, yaliyosalia ni kazi ya greda na dereva wake.

Chombo changu cha kwanza kiliitwa Merlin, kilichobuniwa na maabara ya barabara ya Uingereza kwa ajili ya nchi zisizo na uwezo wa kununua mitambo ya thamani. Kilikuwa na gurudumu la baiskeli mbele, mguu nyuma, na katikati kijiti cha kugusa ardhi, kilichoshikamana na mkono ambao ncha yake ilikuza kila milimita mara 10 juu ya karatasi. Gurudumu likizunguka mara moja tulisimama, tukakitua, nami nikatia alama ya msalaba penye ncha. Zikitimia alama 200 tuliacha 10 za kila upande, tukapima kwa rula upana wa zilizobaki, na upana huo ndio uliotupa hesabu ya kuruka kwa gari: lami njema 2 au 3, changarawe iliyochakaa zaidi ya 10. Watoto wa Ahero walitufuata wakidhani tunatafuta dhahabu.

Kisha likashuka lengo kutoka kwa wakubwa, kwamba barabara yoyote isizidi 6. Nilizidisha kilomita kwa gharama usiku kucha, na kila nilipojumlisha fedha haikufika hata nusu.

Nami nilikuwa na kosa langu pia. Nilipima Januari, wakati udongo mweusi wa uwanda wa Kano umekauka na kupasuka nyufa za kuzamisha mkono, ilhali udongo ule ule ukinyeshewa huvimba na kumeza magurudumu hata ekseli. Mama mmoja mchuuzi wa ngege alinitazama nikiinama juu ya karatasi yangu, akaniambia, "Mwanangu, samaki haozi kwa kurushwa, huoza gari likilala matopeni."

Tangu hapo nikaandika malengo mawili. Lami ya kwenda Kericho, yenye malori mengi, niliiachia 6 yake. Njia za mashamba ya mpunga nikaziombea tuta lililoinuka, mitaro iliyozibuliwa kabla ya masika na makalvati mapana, na mahali pa hesabu nikaandika idadi ya siku ambazo njia haitapitika. Mkubwa mmoja aliuliza ni fundi gani huyu aombaye barabara mbovu, lakini alipoona jumla ya chini alitia sahihi.

Aprili iliyofuata nilikwenda Ahero mvua ikinyesha, katika gari lililonirusha hata kofia ikaanguka, nikafika.