Barua kwa Mtoto wa Kaka: Posa ya Binti wa Kidato cha Pili

Posa ya binti aliye chini ya miaka 18 husimama juu ya neno moja la baba yake: ndiyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana husubiri 18. Habari kwamba mshenga wa posa ya binti yako amekwisha kupokewa mara mbili Kahama, na kwamba ng'ombe wanahesabiwa, zimefika Shinyanga mjini.

Baba anayejikinga na sheria hiyo ajue ilishashindwa mahakamani. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa na kuagiza umri uwe 18 kwa wote ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukapita bila Bunge kurekebisha. Lakini Sheria ya Elimu, tangu 2016, inakataza kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, adhabu yake kifungo cha miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Binti huyu yuko kidato cha pili.

Kizuizi kikubwa zaidi cha kuikataa posa hii kiko zizini. Usukumani ng'ombe wanaoingia kwa binti ndio wanaotoka kumwolea kaka yake, na hapo ndipo ukoo huu ulipoumia. Mwaka 1974 binti wa ukoo huohuo, wa miaka 15, alitolewa darasa la sita kwa ng'ombe 18. Alikwenda na daftari lake la hesabu ndani ya khanga. Mama mkwe akalichana ukurasa mmoja mmoja kuwashia moto. Mimba ya kwanza ilimkuta nyonga hazijakomaa. Uchungu ulimshika siku tatu, mtoto akafia tumboni, na tangu hapo mkojo ukawa unamtoka wenyewe. Alilazwa juu ya gunia kando ya jiko, mume akaoa mwingine. Jeraha hilo, fistula, lilishonwa baada ya miaka 9, hospitali ya mbali, kwa nauli aliyoipata mwenyewe kwa kuuza karanga. Hakuna aliyemwomba radhi. Ng'ombe wale 18 ndio waliotolewa kuwa mahari ya mama mzazi wa baba anayepokea posa leo.

Kaka yake binti ana mikono. Atafute ng'ombe wake. Ada ya sekondari za serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilifutwa 2016. Hofu ikiwa ni mimba, tangu Novemba 2021 aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Cheti cha kuzaliwa kichukuliwe RITA mapema, maana umri usio na karatasi huongezwa na mshenga. Hofu ikiwa ni njia ndefu na vijana wa bodaboda, dawa yake ni hosteli au ndugu anayeishi karibu na shule.

Mshenga akirudi mara ya tatu, inatosha aambiwe binti anasoma. Akishikilia, yupo mtendaji wa kijiji, lipo dawati la jinsia polisi, na simu 116 hupokea taarifa za watoto bure. Shinyanga kuna chumba kimoja kisicho na mtu. Kimeshawekwa kitanda, taa na meza ya kuandikia.

Shangazi